Mikono Juu ya Meza

"Alikubusu mara ngapi? Hesabu nisikie!"

"Yves, lile ni somo. Punguza sauti, watu wanatutazama."

"Nimekuuliza mara ngapi!"

Rachelle alikuwa amebanwa kwenye mlango wa gari lake mwenyewe, nje ya maktaba moja ya Saint Paul, Marekani, Jumamosi mchana kweupe. Mchumba wake alimkaba ukosi wa koti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshikia simu puani. Kwenye simu ilikuwa video ambayo mwanafunzi wake mmoja, Philister, aliirusha kwenye grupu la WhatsApp akidhani anachekesha watu: Rachelle na mwanamume wanagusanisha mashavu, kulia, kushoto, darasa zima linapiga makofi.

"Ndivyo Wafaransa wanavyosalimiana. Nawafundisha watu wanaosafiri."

"Na katika watu wote ukamchagua huyu?"

Huyu mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anatoka maktaba, amekumbatia vitabu vya darasa. Aliitwa Francis, nesi Mkenya, mpole hadi unamwonea huruma.

"Kuna shida, mwalimu?"

Ngumi ilimkuta kabla hajafunga mdomo. Yves anafanya kazi ghalani kule Shakopee, anainua maboksi kutwa nzima, na siku hiyo alimpiga mtu kwa nguvu zote za kazi hiyo. Nyusi ikapasuka, vitabu vikatawanyika, damu ikamwagikia shati. Francis alipokuwa chini, Yves akamfuata na teke la mbavu, akaongeza la pili, akaongeza la tatu.

"Utamuua! Yves, utamuua!"

"Na afe!"

Aliondoka kwa gari lake akiacha matairi yanalia. Francis akajivuta akaketi, akatoa simu.

"Napigia polisi."

"Francis, nakuomba. Usipige."

"Rachelle, huyu mtu atakumaliza. Mimi nimeona machoni mwake."

"Harusi ni mwezi ujao. Kadi zimeshatoka. Nakuomba, kwa ajili yangu."

Akamtazama kwa lile jicho moja lisilo na damu. Kisha akairudisha simu mfukoni. Jamani, huruma nyingine! Wote wawili walikosea pale, nasema wazi, na haikuchukua siku nyingi wakajua.

Sasa huyu Rachelle ni mtu wa Uvira. Kabla hajaletwa Marekani na shangazi yake Générose, alipika miaka sita kwenye nyumba ya daktari Mfaransa huko Bujumbura, na macho yake hayakulala. Alijua kwamba huingii dukani bila kusema bonjour, hata kama unauliza choo tu. Alijua mkate unawekwa juu ya meza, si kwenye sahani, na jibini huja chakula kikiisha. Ufaransa kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Ndipo alipopata pasipoti ya Marekani, na Wakenya kumi na mmoja, karibu wote manesi, wakamwomba awafundishe halafu awaongoze Lyon na Paris. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia, wewe tangulia, sisi tutakufuata.

Yves alikuwa amempa chaguo moja: ama harusi, ama hiyo ndege.

Jioni hiyo simu ikaita. Alikuwa shangazi, na Kiswahili chake bado kile cha Uvira, watu kwake ni "batu".

"Rachelle, umemfanya nini mtoto wa watu? Yves iko hapa kwangu, analia."

"Tantine, amempiga mtu mateke. Amempasua uso!"

"Kama hakupendi, angepiga batu?"

"Na mimi ananipiga, Tantine. Nilishakwambia."

Rachelle akasikia shangazi anashusha pumzi.

"Wanaume biko hivyo mbele ya ndoa. Akishakuweka ndani atatulia. Ukiacha harusi sasa, batu batasema nini? Kanisa lote linajua."

"Kwa hiyo niache safari?"

"Ufaransa itakimbia? Acha, mwanangu. Vumilia."

Alipokata simu, ujumbe wa Yves uliingia: "Nisamehe chérie. Ni shetani. Nakupenda mpaka nachanganyikiwa." Dakika nne baadaye ukaja mwingine: "Lakini ukipanda ile ndege, utarudi nikuzike." Rachelle akausoma mara tatu. Akaufunga, hakumwonyesha mtu.

Kisha ukaingia wa Francis: "Nimeshonwa nyuzi tano. Mbavu ziko sawa. Lesson ya mwisho bado iko?"

"Iko. Jumapili ijayo saa saba mchana, kwa Philister, Champlin. Tutakula kama Wafaransa."

"Nitakuja na mkate."

Rachelle akatabasamu peke yake jikoni, kisha akashtuka kwamba ametabasamu.

* * *

Philister alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na mwili wa kutosha, na meza yake ilikuwa ndefu. Jumapili ile ilipambwa kwa kitambaa cheupe. Sufuria nzito ya chuma ilikuwa katikati, nyama ya ng'ombe imepikwa kwa divai tangu alfajiri, harufu imejaa nyumba nzima.

"Sikilizeni," Rachelle alisema. "Wamarekani hula mkono mmoja umefichwa mapajani. Kwa Wafaransa hiyo ni adabu mbaya. Mikono yote miwili inakaa juu ya meza, ionekane. Viwiko hapana, viganja tu."

"Aki mwalimu, na mtu akijikuna?"

"Ajikune aione Ufaransa yote!"

Wakaangua kicheko. Kengele ya mlango ikalia katikati ya kicheko hicho, Philister akaenda kufungua.

"Karibuni! Mwalimu, si ungesema unaleta shemeji!"

Yves aliingia amevaa suti, ana maua na tabasamu la kwenye kadi ya harusi. Nyuma yake alikuwa Générose, kilemba kichwani, hataki kukutana na macho ya Rachelle. Anwani ya nyumba hii Rachelle alikuwa amempa mtu mmoja tu duniani: shangazi yake.

"Bonjour à tous," Yves alisema. Akamfikia Francis, akamshika bega. "Mkubwa, ya Jumamosi yaishe. Nilikosea."

Yves akavuta kiti, akakaa kushoto kwa Rachelle, na chini ya kitambaa cheupe mkono wake wa kulia ukatafuta mkono wa mchumba wake, ukaupata.

"Waambie," alinong'ona, tabasamu halijabanduka.

"Niwaambie nini?"

"Hauende. Waambie sasa."

Akakikamata kidole cha pete, akaanza kukipinda kurudi nyuma, polepole.

"Chakula... chakula kinaanza na supu," Rachelle aliwaambia wageni. Jasho lilimtoka. "Halafu... mkate hamkati kwa kisu. Mnamega."

"Waambie, ama nakivunja."

"Yves, jamani..."

"Moja. Mbili."

Hapo Philister, asiyejua kinachoendelea chini ya meza, akagonga glasi kwa uma.

"Shemeji! Hapa ni Ufaransa! Mikono juu ya meza, yote miwili!"

Watu wakacheka, wakainua viganja vyao kuonyesha. Viganja vilijaa mezani. Mkono mmoja wa Yves haukuwepo. Na mmoja wa mwalimu haukuwepo. Kicheko kikaanza kupungua, mtu mmoja mmoja, mpaka kikaisha.

"Mwalimu," Francis aliuliza taratibu. "Mkono wako uko wapi?"

Kukasikika mlio mkavu chini ya meza, kama wa mfupa wa kuku.

Rachelle hakupiga kelele. Alitazama nyuso zile zilizomchagua, na ghafla aibu ikamwisha, ikabaki hasira tupu. Akauinua mkono wake, na mkono wa Yves ukaja nao bado umekikamata kidole, akaibwaga yote miwili juu ya kitambaa cheupe.

"Uko hapa," alisema. "Amekivunja kidole. Na si mara ya kwanza kunipiga."

Meza ilikuwa ya manesi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kidole kilichogeukia kule kimefanywa nini.

"Alibanwa na mlango wa gari," Yves alisema.

"Mlango gani, wewe?" Philister akasimama. "Mlango gani!"

Ndipo shetani wake akatoka hadharani. Yves alipindua meza. Sahani zilipasuka, sufuria ikabingirika, mchuzi ukaruka ukutani. Akaokota kisu sakafuni akamrukia Francis. Francis akakinga kwa mkono, kisu kikamchana kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, damu ikatapakaa kwenye kitambaa. Mtu akapiga yowe. Yves akamgeukia Rachelle, akamkamata nywele, akamburuta kuelekea mlangoni.

"Utaniaibisha mimi? Mimi? Leo nakuzika kweli!"

"Niachie!"

"Mtoto wangu mwachie!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Générose. Mwanamke wa miaka sitini na mbili aliinua ile sufuria ya chuma kwa mikono miwili, akamshushia Yves mgongoni kwa nguvu zote. Yves akaanguka magoti. Shangazi akampiga tena begani, kisu kikaanguka.

"Mimi ndiye nilikuleta hapa!" alilia, anapiga. "Mimi ndiye nilikupa adresi! Ulisema unakuja kuomba msamaha! Mimi, mimi, mjinga mimi!"

Ilibidi manesi wawili wamshike la sivyo angeua. Philister alimkalia Yves mgongoni kwa uzito wake wote mpaka polisi walipofika, na safari hii simu ilipigwa bila kumwomba mtu ruhusa.

Hospitalini, Francis akiwa ameshonwa mkono na Rachelle amefungwa kidole, walikaa kwenye viti viwili vya plastiki.

"Nisamehe," Rachelle alisema. "Ningekuacha upige siku ile, leo usingekatwa."

"Ningepiga tu, hata ungekataa. Nilikosea." Akamgeukia. "Rachelle, nakupenda. Siyo lazima unijibu. Nilitaka tu ujue kuna mtu anakupenda na hakuogopeshi."

Rachelle alilia, akamwambia polisi aliyekuja kuchukua maelezo kila kitu, tangu kofi la kwanza, na jumbe zote akazionyesha.

* * *

Siku ya safari, saa tano asubuhi, wazee watatu wa kanisa walikuja kwa Générose kama desturi inavyotaka. Wakakaa kwenye kochi karibu na sanduku la Rachelle lililokwisha kufungwa. Mzee Eliezer ndiye aliyesema.

"Binti, Yves anajuta huko mahabusu. Mama yake hali chakula. Tunakuomba uende kwa polisi ufute maneno yako. Haya mambo ni ya nyumbani, tuyamalize nyumbani. Générose, tuletee chai tuzungumze."

Générose hakuinuka.

"Mzee Eliezer, unakumbuka Uvira? Mume wangu alipovunja bega hili?"

"Mama, yale ni ya zamani."

"Mulikuja batatu. Mukakaa hivi hivi. Mukaniambia nivumilie, na mimi, bega limefungwa kitambaa, nikawapikia chai. Nikavumilia miaka kumi na tisa. Halafu nikamfundisha huyu mtoto avumilie, karibu nimzike." Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Leo hapana chai. Amkeni, mutoke."

"Générose!"

"Mutoke!"

Wakatazamana, wakainuka, wakatoka. Rachelle akapiga magoti akamkumbatia shangazi yake, wakalia pamoja kwa sauti, bila kujali majirani.

"Unanisamehe?" Générose aliuliza.

"Nimekusamehe, Tantine. Siku ile ile."

Simu ikaita. Francis alikuwa chini ya ghorofa, kwenye gari la Philister.

"Nimeona wazee wanatoka mbio. Uko salama? Ndege ni saa kumi."

"Niko salama. Njoo ubebe sanduku, zito." Akasita. Shangazi akamsukuma begani. "Na Francis..."

"Ndiyo?"

"Mimi pia nakupenda. Haya panda haraka, watu wangu wananisubiri."