Mafuta ya Tunu

Jumanne ya tarehe kumi na moja Machi ndiyo siku mambo yalipoharibika Tegeta, kwenye karakana inayochapa vipimo vya sukari, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu. Oda nzima ya hospitali ilikutwa imeharibiwa. Meneja Rogers akawapigia polisi analia kama kafiwa.

Waliofiwa kweli huambiwa wasubiri. Yeye aliletewa Inspekta Khalfani kabla chai haijapoa.

Rogers alimweleza kazi yenyewe. Kila karatasi ya plastiki ina vijia vinavyopenda maji, na pembeni panayakataa kama jani la gimbi. Wino wa kupitisha umeme ukimwagwa, unajipanga wenyewe kwenye vijia. Leo ulikuwa haushiki popote.

Khalfani alidondosha maji. Yakabingirika mpaka sakafuni. Akainama, akanusa. Nazi na asumini, mafuta ya kike ya kuchanganya nyumbani. Na pale ndani wote wanaume.

Akanusa maaproni yao, moja moja, wao wakimcheka. Harufu akaikuta kwa Lusungu, anayezifuta karatasi kabla ya wino.

Kituoni alimwamkia kwanza, maana ni mtu mzima. Kisha akamuuliza:

"Mzee wangu, kipara hicho unakipaka asumini?"

"Ya marehemu mke wangu, Tunu. Chupa ilibaki."

"Ukaipaka kwenye karatasi."

"Nimepaka."

"Kwa nini?"

Lusungu akaeleza. Januari wino ulikuwa unavuka vijia, vipimo vinasoma sukari chini ya ilivyo. Alimwambia Rogers, akaambiwa apakie, wakubwa wanasubiri mzigo. Hakujua kwamba boksi alilonunua Tunu dukani lilikuwa la mzigo uleule. Kipimo kikasema sukari iko sawa, Tunu akaacha sindano zake za kisukari. Wamemzika Kibamba. Alipolalamika, kila ofisi ilimwambia asubiri. Juzi akauona wino unavuka tena.

"Kipimo kibovu kinafanana na kizima, afande. Mie nikakifanya kionekane kibovu."

Khalfani akampigia mkuu wake, aombe Rogers naye akamatwe. Akajibiwa ashughulikie kesi ya kuharibu mali, mengine hayamhusu. Simu ikakatika. Kisha akafungua mlango wa mahabusu mwenyewe.

Lusungu alivua mkanda, akavua viatu, akamkabidhi.

"Afande, yale maboksi ya Januari bado yamo majumbani mwa watu. Nani anakwenda kuyachukua?"