Mwanamke wa Kwenye Kipeperushi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokubanza alishona vifungo. Mama yake, Evodia, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule pale Nshambya, katika Manispaa ya Bukoba, na kazi ya vifungo alikuwa amemwachia binti yake. Koku, kama wote walivyomwita, alikuwa darasa la sita. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga mzuri, akashona huku uji wake ukipoa.

Asubuhi hizo simu ya baba yake, Datius, ililia mara kwa mara. Datius alikuwa mwashi. Mwaka uliotangulia alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mguu, na mguu ulichelewa kupona. Familia ilikopa kwenye taasisi moja ya mikopo mjini ili alipiwe matibabu. Marejesho yalipowashinda, walikopa tena kwa njia ya simu, mkopo wa aina ile ambayo watu huiita kausha damu. Sasa walidaiwa kote kuwili. Simu ikilia, Datius aliitazama, kisha akailaza kifudifudi mezani.

"Pokea, Baba Koku," Evodia alimwambia siku moja. "Hata kama huna cha kusema."

"Nitawaambia nini? Kwamba bado natembea kwa magongo? Wanajua."

Koku aliinamia kifungo chake. Hakupenda kumwona baba yake akiiogopa simu. Baba huyu ndiye aliyekuwa akipanda juu ya kuta za nyumba za watu huku akipiga mluzi.

Wiki hiyohiyo alifika nyumbani kwao kijana mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Jina lake lilikuwa Byabato. Aliwasalimu wazazi kwa Kihaya, kwa heshima zote, akasema ametumwa na kampuni iitwayo Tua Mzigo. Kazi ya kampuni hiyo, alisema, ni kuwasaidia watu waliolemewa na madeni.

"Sisi tunakwenda kwa wakopeshaji wenu, tunazungumza nao, deni linapungua hadi nusu," alieleza. "Ninyi mnakaa kwa amani."

"Na ninyi mnapata nini?" Evodia aliuliza.

"Ada ndogo ya usajili, mama. Inalipwa mwanzoni. Na tunaweka dhamana, karatasi halisi ya kiwanja au shamba, ili wakopeshaji wajue mna nia njema. Ila kuanzia leo msilipe rejesho lolote. Wakiwapigia, msipokee. Mkizungumza nao mtaharibu kazi yetu."

Evodia alikunja uso. Datius, kinyume chake, alionekana kama mtu aliyepewa maji baada ya safari ndefu. Kwa muda mrefu alikuwa akijiona mwoga kwa kutopokea simu. Leo mtu nadhifu alikuwa amemwambia kwamba kutopokea ndilo jambo sahihi.

Byabato aliacha kipeperushi mezani. Kilikuwa na picha ya mwanamke aliyejitanda mtandio wa kijani, akitabasamu. Chini yake paliandikwa: *Mama Zabibu wa Rwamishenye. Sasa nalala usingizi.*

"Fanyeni haraka," alisema akiinuka. "Nafasi za mwezi huu zinakaribia kujaa."

Karatasi pekee ambayo familia ingeweza kuitoa ilikuwa ya kibanja cha Muleba, shamba la migomba na kahawa alimokuwa akiishi Bibi Magdalena, mama yake Datius. Jumamosi Datius alipanda basi kwenda huko, na Koku akafuatana naye ili kumbebea mfuko, kwa kuwa mikono ya baba ilishikilia magongo.

Walimkuta Bibi akianika kahawa kwenye jamvi. Aliwakaribisha, akawapa ndizi na maharage, na hakuuliza shida yao mpaka waliposhiba. Datius alieleza yote. Alipofika kwenye habari ya karatasi, sauti yake ilipungua.

Bibi aligeuka akaitazama migomba yake. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, palikuwa na makaburi ya babu yake Koku na ya wazazi wa babu huyo. Kibanja hicho hakikuwa cha mtu mmoja.

"Wewe ni mwanangu, sikunyimi," hatimaye alisema. "Mguu wako una thamani kuliko migomba yangu. Lakini mtu akiniambia ana dawa, mimi humuuliza ni nani aliyepona."

Datius alitoa kipeperushi. "Huyu hapa, Mama. Amepona."

Bibi alikishika mbali kidogo na macho yake, akamtazama mwanamke wa mtandio wa kijani. "Ana sura njema. Basi nendeni mkamsalimie. Akiwaambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mzigo umetuliwa, nitakuja Bukoba na karatasi mkononi."

"Byabato amesema tufanye haraka."

"Byabato ana haraka. Mimi sina. Kibanja hiki kimengoja watu wengi kabla yake."

Kesho yake, baada ya ibada, Datius na Koku walikwenda Rwamishenye. Waliuliza katika duka la kwanza na la pili. Katika duka la tatu, muuzaji alipoiona picha aliwaelekeza kwenye nyumba yenye kibaraza cha saruji. Hapo walimkuta mwanamke yuleyule, mtandio mwingine kichwani, akikaanga sambusa.

Datius alimsalimu, akajitambulisha, akamkabidhi kipeperushi. Mama Zabibu alifuta mikono kwenye kanga, akakisoma. Mara uso wake ukabadilika.

"Hii picha mmeitoa wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wamenipa wao, watu wa Tua Mzigo," alisema Datius. "Nataka kujiunga nao. Nimekuja kukuuliza kama kweli walikusaidia."

Mama Zabibu alizigeuza sambusa, akazigeuza tena ingawa zilikuwa tayari zimeiva. "Yaliyopita yamepita, kaka yangu. Kila mtu na bahati yake."

Ilionekana hataki kusema zaidi. Datius alianza kujiweka sawa kwenye magongo ili waondoke. Lakini Koku alikuwa bado anaitazama ile picha.

"Samahani, mama," alisema. "Siku hii ulikuwa unatabasamu kwa sababu gani?"

Mama Zabibu alimtazama mtoto huyu, kisha akaepua karai, akaketi.

"Nilitabasamu kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimewalipa," alisema. "Walisema picha ni ya kuweka kwenye faili langu. Niliwaamini, mwanangu. Nilijiona nimeshapona kabla ya kunywa dawa."

Aliwasimulia yote. Alikuwa akiuza juisi na maziwa baridi, na alikuwa amekopa ili anunue friji. Watu wa Tua Mzigo walichukua ada, wakamwambia aache kulipa na asipokee simu ya mkopeshaji. Alitii. Wiki zikapita. Siku moja mkopeshaji alikuja na mwenyekiti wa mtaa, wakachukua friji.

"Mnajua kilichoniuma zaidi?" aliendelea. "Afisa mikopo aliniambia kwamba zile simu zote alizokuwa akinipigia, alitaka kuniongezea muda. Muda niliokuwa nautafuta ulikuwa unalia mkononi mwangu, na mimi siupokei."

Datius aliketi taratibu kwenye ngazi ya kibaraza. Kisha akatoa simu, akampigia Byabato na kuiweka sauti ya nje.

"Karibu, mzee," alisema Byabato kwa uchangamfu. "Karatasi imepatikana?"

"Bado. Nauliza habari za yule mama wa Rwamishenye. Madeni yake mliyamaliza?"

"Yote, mzee. Kila akituona anatushukuru."

"Vizuri. Niko naye hapa kibarazani kwake. Zungumza naye."

Simu ilikatika. Datius alipiga tena, haikupokewa.

Mama Zabibu alianza kulia, akajifuta kwa upande wa mtandio. "Nilikuwa naona aibu kuwaambia watu," alisema. "Kumbe nilipokaa kimya, uso wangu ulikuwa unawaita wengine."

"Usilie, dada," alisema Datius. "Leo umeniokoa. Umemwokoa pia mama yangu."

Jumatatu Datius alikwenda na Evodia kwenye ile taasisi ya mikopo mjini. Koku aliwakuta nyumbani jioni, akasikia habari yote walipokuwa wakimenya ndizi. Afisa mikopo aliyewapokea aliitwa Bashiri. Datius alikuwa amejiandaa kufokewa, lakini Bashiri aliweka kiti karibu ili mgonjwa apumzishe mguu.

"Tumekutafuta sana," alimwambia. "Ungekuja mapema tungeshalipanga hili. Mtu aliyeumia na aliyekimbia ni tofauti, ila tusipokuona hatuwezi kujua wewe ni yupi."

Walikaa wakahesabu pamoja. Rejesho likapunguzwa, muda ukaongezwa, na Evodia akasaini kwamba sehemu itatoka kwenye kazi yake ya sare. Hakuna aliyewadai ada kwa mazungumzo hayo. Kuhusu mkopo wa simu, Bashiri aliwaonyesha jinsi ya kuangalia kama mkopeshaji yule yumo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, na jinsi ya kumwandikia aeleze deni halisi na riba yake. Baadaye, mkopeshaji huyo alipoulizwa kwa maandishi, alizifuta faini ambazo hakuweza kuzieleza.

Jumatatu hiyo, kabla ya kuondoka, Evodia alikuwa amemuuliza Bashiri swali moja. "Ina maana hakuna watu wa kweli wa kumsaidia mtu kuzungumza na wanaomdai?"

"Wapo, mama. Wapo wanasheria, wapo washauri, na wengine hulipwa kihalali. Lakini msaidizi wa kweli hakukatazi kuonana na anayekudai. Hukuonyesha leseni yake bila kununa, na ukiomba siku za kufikiri anakupa."

Datius na Mama Zabibu walikwenda pamoja polisi na kwa mtendaji wa kata. Chumba ambacho Tua Mzigo walikuwa wamepanga kilikutwa kimefungwa. Pesa za Mama Zabibu hazikurudi, na hilo lilimsikitisha kila mtu. Hata hivyo alikubali jambo gumu. Aliruhusu habari yake itangazwe kwa jina lake msikitini na makanisani, na watu kadhaa waliokuwa wamekwisha kuandaa ada yao wakaghairi.

Kidogo kidogo mambo ya kina Koku yakatengemaa. Datius, ambaye hakuweza bado kupanda juu, alipata kazi ya kusimamia vijana wanaofyatua matofali. Evodia alishona usiku na mchana shule zilipokaribia kufunguliwa. Walilipa kila mwezi, na mwezi waliokwama walikwenda kusema.

Siku walipomaliza deni la kwanza, Bibi Magdalena alikuja kutoka Muleba. Hakwenda Nshambya moja kwa moja. Alishuka Rwamishenye, ambako mwanawe na familia yake walikuwa wakimngoja, na pikipiki nyuma yake ilikuwa imebeba mkungu mkubwa wa ndizi na kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwa majani ya mgomba.

Mama Zabibu alitoka kibarazani akiwa amepigwa na mshangao. Bibi alimshika mikono yote miwili.

"Kasinge, asante sana, mwanangu," alisema. "Nimekuja kushukuru kwa miguu yangu. Ungeweza kutuambia maneno mazuri tukaenda zetu. Ulichagua kuona aibu mbele ya wageni ili sisi tusiangamie. Wazee wangu wamelala kwa amani kwa sababu yako."

"Mimi ndiye ninayepaswa kushukuru, mama," alijibu Mama Zabibu. "Tangu niliposema ukweli, nimepata ndugu. Mama Koku alinishonea mapazia bure, na Baba Koku ananiletea vijana wake wanywe chai hapa."

Walipika ndizi zile palepale, wakala wote kwenye kibaraza. Koku aliwagawia maji ya kunawa, kisha akaketi karibu na mama yake. Alikuwa na swali ambalo alikuwa hajamuuliza mtu.

"Mama, Byabato alikuwa na heshima sana. Alizungumza Kihaya kizuri kuliko mimi. Mtu atajuaje?"

Evodia alitafuna kwanza. "Heshima ni nzuri, Koku, lakini haitoshi. Mtu akitaka kukusaidia, muulize nani amewahi kusaidiwa naye, kisha nenda ukamwone huyo. Akikutaka utoe pesa kabla ya kazi, akikuharakisha, akikukataza kuzungumza na watu, huyo muogope hata kama anakupigia magoti. Na ukiwa na deni, nenda mwenyewe kwa anayekudai ukaseme kweli. Baba yako aliogopa mlango wa ile taasisi ya mikopo kwa muda mrefu, na ndani yake kulikuwa na kiti cha kupumzishia mguu."

Datius alisikia. Alicheka kidogo, akamtazama mama yake, kisha Mama Zabibu.

"Na mwongezee hili," alisema. "Ukiokolewa, rudi ukashukuru. Wengine bado wanasubiri kuambiwa kwamba walifanya jambo jema."

Koku aliinuka, akaichukua sahani ya Mama Zabibu, akaijaza tena ndizi za moto kutoka Muleba. "Asante, mama," alimwambia akimkabidhi kwa mikono miwili, na wote kibarazani walijua hakuwa anazungumzia chakula.