Chafya Ndani ya Bomba

Mashine ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa, waya umechomolewa, lakini Jumatatu asubuhi Chepkurui alipoligusa bomba la kioo, lilikuwa na joto kama shavu la mtu. Hakushtuka. Tangu amzike mumewe Kiptum mwezi wa nne, hakuna kilichomshtua.

"Momanyi, nani aliwasha hii?"

"Nani awashe, mama? Stima ilipotea wikendi yote," mwenzake akajibu.

Humo maabarani, nje kidogo ya Kericho, kazi yao ni plazma ya helikoni: unatoa hewa bombani, unaingiza gesi kidogo, unaizungushia sumaku na mawimbi ya redio mpaka iwake. Wanataka kuitumia kufanya visu vya mashine za kuchuna chai viwe vigumu zaidi. Wiki nzima bomba lilikuwa limegoma, linatoa wekundu hafifu tu. Basi Ijumaa Chepkurui, kwa kuchoka, akalifanyia utani: akaliitia majina ya wafu, vile Wakipsigis humfanyia mtoto mchanga, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya na ijulikane nani amerudi. Alipotaja Kiptum, bluu kali ikaruka katikati ya kioo. Momanyi akapiga makofi. Lo, wangejua!

Saa nne simu ikalia. Ni Janeffer, dada yake, kutoka Sotik, ambako Chepkemoi, binti wa Chepkurui, alikuwa amejifungua mvulana jana.

"Dada," akanong'ona, "tumemwita Kiptum tangu asubuhi. Tumeita na wengine wote. Mtoto hapigi chafya. Anazidi kuwa baridi."

Chepkurui akawasha spika ya simu, akaiweka mezani. Kiptum arudi kwa mjukuu, hilo ndilo pekee alilokuwa akilingojea duniani, na yeye mwenyewe alikuwa amemwita kwingine. Akafungua vali ili mumewe atoke, hewa ikaingia ikifoka, na waya ukiwa bado sakafuni bluu ikawaka, ikanenepa, chumba kikajaa harufu ya ugoro wa marehemu, Momanyi akarudi nyuma mpaka ukutani akiomba kwa Kikisii, naye Chepkurui akainama, midomo karibu na kioo, akasema polepole, "Kiptum. Kiptum, nenda kwa mtoto."

Bombani ikasikika chafya. Ndogo, laini, ya mtoto mchanga.

"Dada," Janeffer akasema kwenye simu, "ameacha kupumua."

"Najua," Chepkurui akajibu. Kiganja chake kilikuwa juu ya kioo, na kioo kilikuwa kikipanda na kushuka kama kifua cha mtoto.