Faili Yenye Jina la Mukiri

Saa nne asubuhi, baada ya kusasisha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya kurushia matangazo, Igoki aliona ujumbe wa kosa. Programu ilikataa kufunguka. Ilidai kwamba maktaba yake moja, yaani faili ndogo ambayo programu kadhaa huitumia kwa pamoja, haipatikani. Makosa ya namna hiyo huja na masasisho, na Igoki alikuwa ameyatatua mara nyingi. Lakini jina la faili hii lilikuwa libmukiri.

Mukiri alikuwa fundi wa redio hiyo ya mjini Meru. Igoki, msaidizi wake kutoka Embu, ndiye aliyemwambia meneja kwamba Mukiri anakuja kazini amelewa. Haikuwa kweli. Alijua kinachomyumbisha mwenzake ni ugonjwa. Mukiri alifutwa kazi, na baada ya miezi miwili uvimbe wa kichwani ukamuua. Kiti chake akapewa Igoki.

"Tuko kimya hewani dakika kumi na mbili!" Kagwiria, mtangazaji, alifoka. "Unangoja nini?"

Igoki akaitafuta faili kwenye diski. Ilikuwepo. Tarehe yake ilikuwa ile ya mazishi ya Mukiri, kijijini kwao Kiirua. Aliielekeza programu mahali faili ilipo, nayo ikafunguka.

Muziki haukutoka. Ilitoka harufu ya udongo mbichi, ikipenya kwenye matundu ya kompyuta, kisha pumzi ya mtu, nzito, ndani ya spika zote.

"Igoki," sauti ikasema. "Ulisema nimelewa."

"Ni nani huyo?" Kagwiria alinong'ona. "Igoki, hiyo sauti... si tulimzika?"

Igoki akaifuta faili, sauti ikaendelea. Akaisimamisha programu, ikaendelea. Akang'oa waya ukutani, kioo kikazimika na feni zikanyamaza, na bado ile pumzi ikazidi kukaribia, ikampanda shingoni kama mtu anayesoma nyuma ya bega lake, huku simu za wasikilizaji zikilia mapokezini moja baada ya nyingine, kila mmoja akiuliza huyo Igoki ni nani na amemfanyia mtu nini.

Pasta Muriithi, aliyekuwa akingojea kipindi chake cha maombi, aliingia na Biblia. Akaweka mkono juu ya kompyuta.

"Pepo, huna sehemu hapa! Toka katika nyumba hii, kwa jina la Yesu!"

"Natoka," sauti ikajibu bila ubishi. "Kufukuzwa nimezoea."

Harufu ikaisha. Igoki akachomeka waya tena, akarudisha toleo la zamani la programu, na saa sita nyimbo zikaanza kusikika tena. Ndipo akalia.

"Pasta, nilimsingizia."

"Basi enda kwao ukaombe msamaha. Leo hii."

Igoki alikuwa akichukua mkoba wake simu ilipolia. Mama yake, kutoka Embu.

"Igoki, mbona hukusema unatuma mgeni? Huyu mwenzako wa kazini amefika. Mukiri. Hata chai anakataa, na ametoka mbali."

"Mama," Igoki alisema polepole. "Toka nje. Usimuage. Toka tu."

"Nitatokaje?" mama akauliza, sauti yake ikishuka. "Yeye ndiye amefunga mlango."