Nani Kachukua Faneli Nyekundu?

Sogeeni karibu. Leo tunamtafuta mtu aliyechukua kitu. Na msiniangalie mimi!

Huyu ni Manka. Ana miaka sita. Anaishi mlimani, kwenye migomba mingi, na Mama na Bibi.

Mama ana duka dogo. Anauza sukari, chumvi na mafuta ya alizeti. Mafuta yako kwenye dumu kubwa. Watu huja na chupa zao.

Mama huweka faneli nyekundu kwenye mdomo wa chupa. Humimina taratibu. Glu, glu, glu! Hata tone moja halimwagiki.

Jumatatu asubuhi, faneli haipo.

Mama anamimina hivyo hivyo. Glu, glu... mwaa! Mafuta mezani. Mafuta kwenye kanga. Mafuta kwenye kiatu cha mteja!

"Manka! Umeipeleka wapi faneli yangu?"

"Sijaichukua, Mama."

"Wiki iliyopita nani aliivaa kama kofia?"

"Mimi."

"Nani aliichukua akaogeshea kuku?"

"Mimi. Lakini niliirudisha!"

Mama haamini. Ndivyo ilivyo. Ukiogesha kuku mara moja tu, kila kinachopotea umechukua wewe.

"Jumamosi ni harusi ya Mjomba Aminiel," Mama anasema. "Faneli isipopatikana, huendi."

Harusini kutakuwa na matarumbeta! Wapigaji watapanda pikapu na kuzunguka kijiji kizima. Manka ameisubiri siku hiyo tangu Krismasi.

Manka analia. Inauma kusemwa kwa kosa ambalo hukulifanya. Inauma sana.

Kisha anafuta machozi. Anafumba jicho moja.

"Hmm! Hapa pana jambo."

Anamtazama jogoo. Jogoo naye anamtazama. Kokoko? Hapana. Jogoo hana mikono.

Jumanne, Mama anamwagilia mchicha. Anavuta mpira wa maji. Anavuta tena. Mpira haufiki! Wiki iliyopita ulifika vizuri.

Nani kaukata?

Manka anafumba jicho moja.

"Hmm! Hapa pana jambo."

Jumatano, Bibi anamenya ndizi. Midomo yake inatetemeka. Brrr! Brrr!

"Bibi, unasikia baridi?"

"Hapana, mjukuu wangu."

"Unaigiza pikipiki?"

"Menya ndizi, wewe. Maswali baadaye."

Manka anasogea. Kwenye midomo ya Bibi kuna alama. Ni duara dogo, kama sarafu.

Manka anasogea zaidi. Ananusa. Snif, snif. Bibi ananukia mafuta ya alizeti!

Mara anapita Mzee Ngowi, fundi cherehani.

"Shikamoo, Mzee Ngowi."

"Marahaba, Manka."

Na yeye ana duara kwenye midomo! Anamkonyeza Bibi. Bibi anakohoa kikohozi cha uongo. Koh, koh.

Manka anafumba jicho moja. Halafu anafumba na la pili, kwa sababu jambo limekuwa kubwa.

"Hmm! Hapa pana jambo."

Alhamisi jioni, Bibi anajitanda kanga. Anachukua kikapu kilichofunikwa.

"Nafika hapo chini mara moja," anasema.

"Nikusindikize, Bibi?"

"Usijisumbue."

Eti usijisumbue! Bibi hajawahi kukataa kusindikizwa.

Manka anamfuata. Nyata, nyata, nyata. Bibi anageuka. Manka anasimama kimya nyuma ya mgomba. Bibi anaendelea. Nyata, nyata, nyata.

Bibi anaingia kwenye ghala la zamani la kahawa. Mlango unafungwa. Ti!

Ndani kunatoka sauti. Bruuup! Fwiii! Prrr-prrr!

Manka ananyata hadi mlangoni. Anachungulia kwenye ufa.

Anamwona Mzee Ngowi na tarumbeta. Mashavu yake yamevimba kama maandazi. Anawaona watu wazima wengi, wote wanapuliza.

Na Bibi je? Bibi anapuliza kipande cha mpira wa maji. Na kule mwisho wa mpira kumechomekwa... faneli nyekundu!

Manka anasukuma mlango.

"Bibi! Kumbe ni wewe!"

Wote wanageukia mlangoni.

Mwalimu wao, Mwalimu Elisaria, anajikuna kichwa. "Hii ni bendi yetu ya kijiji," anasema. "Wanafunzi ni kumi na wawili. Matarumbeta ni manne. Wengine wanaanza na mpira na faneli."

"Wanafunzi?" Manka anashangaa. "Hawa wote wakubwa?"

"Wakubwa pia wanajifunza," anasema Mzee Ngowi. "Polepole tu."

Bibi anamvuta Manka karibu.

"Nilipokuwa mdogo kama wewe, nilikimbia nyuma ya matarumbeta. Wakaniambia, msichana hapulizi. Sasa nimezeeka. Niliogopa watu watanicheka. Ndiyo maana nilijificha."

"Lakini Bibi, nimesemwa mimi! Na Jumamosi siendi harusini."

Bibi hakujua. Jumatatu alikuwa shambani. Anakaa juu ya gunia. Ameona aibu.

"Umebeba kosa langu, mjukuu wangu? Twende nyumbani."

Wanarudi wameshikana mikono. Kwenye mlango wa duka, Bibi anasimama. Anaogopa. Manka anauminya mkono wake. Miny!

"Mama Manka," anasema Bibi. "Faneli nilichukua mimi. Mpira nilikata mimi."

"Wewe, Mama? Wa nini?"

Bibi anautoa mpira kikapuni. Anapuliza tu.

BRUUUUP!

Kuku wanakimbia. Paka anapanda juu ya dumu. Bibi anafumba macho, anasubiri kuchekwa.

Mama hacheki.

"Puliza tena," anasema Mama.

BRUUUUP!

Mama anapiga magoti mbele ya Manka. "Nisamehe, mwanangu. Nilikushuku bure."

"Nimekusamehe," anasema Manka. "Lakini kuku niliwaogesha kweli."

Jumamosi inafika. Manka amevaa gauni la njano. Pikapu inakuja polepole. Pom! Pom! Pararaa!

Juu ya pikapu yupo Mzee Ngowi. Na Bibi yupo! Faneli imefungwa utepe mweupe.

Mwalimu Elisaria amempa Bibi sauti moja. Moja tu, mwisho wa wimbo.

"Yule si bibi yake Manka?" mtu anauliza. "Na faneli?" Wengine wanaanza kucheka. Hi hi hi!

Bibi anasikia. Anaishusha faneli.

Wimbo unakaribia kwisha. Pom! Pom!

"Puliza, Bibi!" Manka anapaza sauti. "Puliza!"

Bibi anavuta pumzi. Anaiinua faneli juu.

BRUUUUUUP!

Kicheko kinakatika. Kisha vigelegele! Lilililili! Mjomba Aminiel anacheza. Bibi harusi anacheza. Hata waliocheka wanacheza, na tena wao ndio wanarusha mabega kuliko wote.

Usiku Manka yupo kitandani. Bibi amelala chumba cha pili, ameshachoka. Mama anakuja kumfunika blanketi.

"Lala salama, mwanangu."

"Na wewe, Mama."

Mama anainama ambusu. Halafu anasita. Kwenye midomo ya Manka kuna alama. Ni duara dogo, kama sarafu.

Manka anafumba macho haraka. Anakoroma kwa nguvu. Khooo! Khooo!

Chini ya blanketi, kitu chekundu kimechungulia kidogo.

Mama anafumba jicho moja.

"Hmm!" anasema, huku anatabasamu na kuzima taa. "Hapa pana jambo."