Vifuko vya Yai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbodze alichuma mchicha nyuma ya nyumba yao mjini Garsen, akaufunga mafungu ili mamake aupeleke sokoni. Kazi hiyo haikumchosha. Kilichomchosha ni mbuzi wa kina Ubah, majirani zao.

Asubuhi hiyo aliwakuta katikati ya bustani, midomo imejaa. Aliokota kijiti, akawafukuza mpaka mlangoni kwao.

"Ubah! Njoo uwachukue wezi wako!"

Ubah alitoka polepole, mtandio begani na mswaki mdomoni. Hakuonyesha haraka yoyote.

"Mbuzi hajasoma," alisema. "Mngejenga ua wa maana, angejua hapo si kwao."

"Ua tulijenga, mkauangusha!"

"Tuuangushe tupate nini? Sisi hatuli majani. Hayo tumewaachia nyinyi na mbuzi."

Mbodze alirudi nyumbani kwa hasira. Wawili hao walisoma gredi moja, ya sita, na darasani waliketi kila mmoja ukutani kwake, kana kwamba hewa ya katikati ilikuwa na ugonjwa.

Siku hiyo Mwalimu Rosina, aliyewafundisha mambo ya kilimo na lishe, aliwapa kazi. Ijumaa, wanafunzi wawili wawili wangewapikia watoto wa chekechea kitafunio cha haraka cha mayai na mboga, kitu ambacho mtoto anaweza kukishika mkononi akala huku akicheza. Watoto hao walikuwa na tabia ya kusukuma mboga pembeni mwa sahani.

"Mbodze na Ubah, mtapika pamoja."

"Mwalimu, na huyu?" wote wawili walisema kwa mpigo.

"Na huyo," alijibu Mwalimu, akafunga kitabu.

Kati ya watoto wa chekechea alikuwamo Nuh, mdogo wake Ubah. Alikuwa mwembamba, na pembe za midomo yake zilipasuka mara kwa mara. Zahanatini walimwambia mama yake ampe mboga na mayai, lakini Nuh alitaka chai ya maziwa, chapati na wali mweupe tu. Kitu cha kijani hakikupita mdomoni mwake.

Ijumaa ilipofika, wasichana hao walisimama jikoni kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Mbodze alikuwa na mpango wake. Alichemsha mchicha, akaukamua, akaukatakata pamoja na karoti mpaka ukawa laini kama majani ya chai. Alipasua mayai, akayapiga kwa uma mpaka yakatoa povu. Kisha akamimina yai jembamba kwenye kikaango, na liliposhikana akaweka kijiko cha mchicha katikati, akakunja pande zote nne na kugeuza. Kikatoka kifuko kidogo cha manjano. Ukikitazama juu na chini, huoni kitu.

"Nuh atauliza kama kuna majani," Ubah alimwonya. "Yeye huuliza kila kitu."

"Nikimwambia yapo, atakula?"

"Hatakula."

"Basi nyamaza, upike."

Ubah alibetua mdomo, akachukua ndoo kwenda kuteka maji. Mbodze akabeba sinia kwenda chekechea peke yake. Watoto walipiga kelele kwa furaha, maana vifuko vilinukia vizuri. Nuh alichukua chake, akakipapasa kwa vidole.

"Kuna majani ndani?"

"Hakuna."

"Kweli?"

"Wallahi, Nuh. Ni yai tupu."

Mbodze alisema neno hilo kama alivyolisema kila siku akicheza kamba, akigombania kiti, akisimulia uongo wa kuchekesha. Garsen nzima watoto waliapa hivyo, wa kanisani na wa msikitini. Lakini Nuh aliposikia neno hilo, mashaka yalimtoka usoni. Alikitia kifuko cha kwanza mdomoni kizima, akameza, akaomba cha pili.

Cha pili kilikuwa hakijakunjwa vizuri. Alipokiuma kilifunguka, na mchicha ukamwagika kwenye kiganja chake. Nuh aliutazama, kisha akamtazama Mbodze.

"Umesema wallahi!"

Akatema. Watoto wengine wakafungua vyao, wakaona, wakatema pia. Mmoja alianza kulia, na wengine wakamfuata. Ubah aliingia na ndoo yake akakuta sakafu imejaa mayai.

"Umemfanya nini ndugu yangu?"

"Ni mchicha tu. Hajafa."

"Ameniapia, dada!" Nuh alilia. "Ameniapia wallahi!"

Ubah aliweka ndoo chini. Mbodze alidhani atapigwa, lakini Ubah alimwangalia tu kwa jicho ambalo lilikuwa baya kuliko kofi.

"Hata mbuzi wangu hawafanyi hivyo," alisema. "Wao huiba mchana, watu wakiona."

Jumatatu uji wa saa nne ulipoletwa, Nuh aliweka kikombe chake chini bila kukigusa. "Wametia majani," aliwaambia wenzake. Wenzake wakachungulia vikombe vyao, wakavirudisha. Baada ya siku chache wengine waliushika uji tena kwa njaa, lakini Nuh alishikilia msimamo wake. Alhamisi alikutwa amelala mchangani nje ya darasa, midomo mikavu, hana nguvu ya kucheza.

Mama yake, Darmi, aliitwa. Alikuja na madumu yake ya maziwa moja kwa moja kutoka sokoni.

"Shikamoo, Mama Ubah," Mbodze alimwamkia.

Darmi alipita kama hakuna mtu hapo.

"Mwalimu, mtoto wangu namchukua," alisema. "Nilimleta ale na asome. Hapa anadanganywa mpaka anaogopa uji. Atakaa nyumbani."

"Na ukiwa sokoni atakaa na nani?" Mwalimu Rosina aliuliza.

"Na dada yake. Ubah, chukua mkoba wako."

Ubah alikusanya vitabu vyake na kumfuata mama yake. Mbodze alibaki akitazama kiti kitupu. Mara ngapi alitamani kiti kile kiwe kitupu! Sasa kilikuwa kitupu, naye somo zima hakuandika hata neno.

Baada ya masomo alimwendea Mwalimu Rosina. Alimweleza yote: vifuko, swali la Nuh, na kile kiapo.

"Kwa nini unaniambia mimi?" Mwalimu aliuliza. "Mimi hukuniapia. Nenda kwa uliyemwapia."

Jioni Mbodze alisimama mlangoni kwa kina Ubah. Ubah alikuwa akifua.

"Umekuja kuwafukuza mbuzi?"

"Nimekuja kwa Nuh."

"Hujatosheka? Unataka kumlisha nini leo?"

Darmi alitokeza, Nuh akiwa amejificha nyuma ya shuka alilojifunga mama yake. Hakuna aliyemkaribisha Mbodze aketi. Alichutama pale pale mlangoni ili amwone mtoto usoni.

"Nuh, nilisema uongo. Mchicha ulikuwamo, mimi mwenyewe niliuweka. Niliapa nikijua. Nisamehe."

Nuh alilivuta shuka akajifunika uso. Ubah ndiye aliyezungumza, bado akikamua nguo kwa nguvu kana kwamba ni shingo ya mtu.

"Hatakula tena kitu ambacho hakukiona kikipikwa. Ungeniuliza mwanzo ningekuambia. Mimi ndiye ninayemlisha kila siku, si wewe. Mpikie mbele ya macho yake, acha atie mkono mwenyewe."

"Utanisaidia?"

"Sikusaidii wewe. Nataka kurudi shule."

Darmi alifikiri kidogo. "Kesho nitampitisha pale shuleni nikienda sokoni," alisema. "Mara moja tu. Akikataa, tumemaliza."

Siku ya pili jiko lilitolewa nje, chini ya paa la bati mbele ya chekechea. Ubah alikuja na dera lake la nyumbani, maana hakujua kama angebaki. Alipasua mayai kwenye bakuli kubwa. Mbodze aliwapa watoto majani mabichi ya mchicha yaliyooshwa.

"Huu ni mchicha," alisema kwa sauti. "Leo utaingia kwenye yai. Asiyeutaka asiutie. Anayetaka, achane vipande atie mwenyewe."

Watoto waliangaliana. Msichana mmoja alichana jani, akalirusha bakulini, akacheka. Wengine wakafuata, wakigombania nani arushe kwanza. Mbodze alimimina yai kwenye kikaango na kulitandaza kama chapati. Lilipoiva, Ubah aliliviringisha na kulikata vipande. Kila kipande kilikuwa cha mviringo, manjano na kijani vimezungukana wazi wazi.

"Gurudumu!" mtoto mmoja alisema.

"La basi la Lamu!" mwingine akadakia, akaviringisha lake kwenye sahani huku akinguruma kama injini.

Nuh alisimama kando ya mama yake. Mbodze alimpelekea sahani.

"Kuna majani?" Nuh aliuliza kwa ukali.

"Yapo. Haya hapa, na haya."

Nuh alilikunjua gurudumu lake polepole. Alichomoa kipande cha mchicha, akakiweka pembeni. Akala yai. Alichukua gurudumu la pili, akachomoa tena. La tatu alilitazama muda mrefu, akaliviringisha mpaka ukingoni mwa sahani, kisha akalitia mdomoni lote na kutafuna, uso umekunjamana. Wote walisubiri atapike. Alimeza.

"Si tamu sana," alisema. "Lete la basi la Malindi."

Darmi alivuta pumzi. Ndipo alipomtazama Mbodze usoni kwa mara ya kwanza.

"Wewe msichana, sikiliza. Mimi nauza maziwa. Nikiyatia maji kikombe kimoja, hata yawe maji safi, hata mnunuzi awe na kiu, nimemwibia. Akigundua, kesho hatayaangalia maziwa. Ataniangalia mimi. Mchicha wako haukuwa na kosa, na mwanangu anauhitaji. Lakini alikuuliza, naye alimeza kwa sababu ya neno lako. Mtoto akikuuliza, mwambie ukweli. Akikataa leo, mpe tena kesho. Na jina la Mungu usilifanye chumvi ya kutia kila chakula."

"Nimesikia, mama."

"Vizuri." Darmi alijitwisha maziwa yake. "Mwalimu, nimechelewa sokoni. Nawaacha wanangu wote wawili."

Ubah hakungoja kuambiwa tena. Alikimbilia darasani na dera lake, mikono ikinuka yai, akaketi. Mkoba wake ulikuwa nyumbani. Aligeuka kuelekea ukuta wa pili, ambako Mbodze naye alikuwa ndiyo kwanza anaketi.

"Mbodze, niazime kalamu," alisema. "Na usiseme huna, naiona."