Mstari wa Chini wa Chumba cha Sita

Wewe, umewahi kulala kwenye chumba cha kukodi ukajiuliza nani alikikagua?

Hujawahi. Hakuna anayejiuliza. Unaingia, unabonyeza godoro kwa kiganja kama mtu anayejua magodoro, unanusa shuka, unatafuta swichi ya taa, basi. Nyuma ya mlango kuna karatasi imegongwa muhuri, na ukishauona muhuri unalala usingizi wako. Mimi ndiye muhuri.

Nimekagua malazi miaka kumi na tisa. Hoteli kubwa zenye lifti na zulia linalomeza viatu. Hosteli ambamo vijana wanane wenye mabegi ya mgongoni hulala chumba kimoja na kunuka soksi moja. Kambi za mahema, ambako wageni hulipa zaidi ili wapate shida zaidi. Nyumba za watu zinazokodishwa kwa simu, picha pana, chumba chembamba. Nina shahada mbili na magoti mawili mabovu, na nikiulizwa nini kimenisaidia kazini nitataja viatu. Katika yote hayo, ninachokiheshimu ni nyumba za wageni za kawaida, zile mnazoziita gesti huku mkichekacheka. Hazijifanyi. Kitanda, ndoo, ndara, ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha ubao. Mgeni anafika kachoka, analala, anaondoka.

Isipokuwa yule aliyefika na hakuondoka.

Jioni ile nilikuwa na kazi ndogo tu: kuchukua sahihi. Ripoti nilishaiandika ofisini. Mistari minne, na wa mwisho ulisema chanzo cha kifo cha mgeni hakikuweza kubainika. Jua lilikuwa linazama tulipoegesha. Dereva wa ofisi alizima injini, akaangalia lile jengo la vyumba kumi na kimoja, akaiwasha tena.

"Bosi, unaingia kweli?"

"Naingia kuchukua sahihi. Siendi vitani."

"Mimi nipo hapahapa. Mama yangu alinizaa mmoja tu."

"Kwenu mko saba. Ulinihadithia mwenyewe."

"Wa kufanana na mimi, bosi. Wa kufanana na mimi ni mmoja."

Nilimwacha na upweke wake.

Habari yenyewe kila mtu pale mtaani alikuwa nayo. Miezi mitano nyuma, alfajiri, nyaya za umeme zilishika moto kwenye korido. Wageni walikuwa tisa. Wanane waliruka madirishani na nguo za kulalia. Wa tisa, muuza miwani wa kutembeza, alikutwa chumba cha sita, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya dirisha, vidole vimeshika nondo za dirisha. Hakuungua. Shuka halikuungua. Hata sanduku lake la miwani lilikuwa limefungwa vizuri, kama la mtu anayesubiri gari.

Basi mtaa ukapata la kusema. Wanane wapone, mmoja afe, tena bila alama ya moto mwilini? Kafara hiyo. Mwenye nyumba amemtoa mgeni ili biashara imnyookee. Watu wazima, wenye simu mfukoni, wakaacha kuitikia salamu za mwanamke mzee. Na asubuhi baada ya jioni hiyo ya sahihi walikuwa na kikao cha kuamua ahame au ahamishwe.

Moshi hauhitaji kuunguza shuka ili uue mtu. Hilo ningeweza kulieleza kwa sentensi moja. Sikulieleza. Ile sentensi ingezaa swali, na swali lingeninyima usingizi, na mimi nilikuwa nimechoka.

Mwenye nyumba walimwita Mama Pasi, kwa sababu hakuna shuka lililoguswa na mgeni wake kabla halijapigwa pasi mpaka pindo. Mjane. Nilimkuta mapokezi, akikunja foronya za wageni ambao hawaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Umechoka."

Nikakaa. Kiti cha plastiki, cheupe, chenye ufa kwenye mguu mmoja. Nilikijua. Nilikuja mara moja kabla ya hapo, miaka miwili nyuma, siku ya joto la kuyeyusha lami. Ninachokumbuka vizuri ni kiti, soda baridi, na feni iliyokuwa ikilalamika juu.

"Hiki ndicho kile cha siku ile," nilisema, ili niseme kitu.

"Ndicho. Yule marehemu alikiomba, akaenda nacho chumbani. Wateja wake huwakalisha kwanza, alisema, ndipo huwajaribisha miwani. Polisi walikirudisha wiki iliyopita."

Nilisimama. Taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Mama, kuna karatasi hapa. Weka sahihi tu, nisikuchoshe."

"Inasemaje? Macho yangu hayasomi herufi ndogo. Marehemu aliniahidi kwamba asubuhi angenichagulia miwani." Akaisukuma karatasi kwangu. "Nisomee, mwanangu."

Nilijipapasa kichwani, mfukoni, mkobani. Miwani yangu niliisahau mezani ofisini. Wanawake wawili na karatasi moja, na hakuna wa kuisoma. Ningecheka.

"Kuna miwani chumba cha sita," alisema kwa sauti ya chini. "Mezani."

"Ndugu yake si alichukua sanduku lote?"

"Alichukua."

"Basi alisahau moja."

"Mwanangu..." Aliiweka foronya chini. "Mimi natandika kila asubuhi. Kila asubuhi naikuta. Leo ya fremu nyeusi, jana ya kahawia. Amesahau mara ngapi?"

Sina subira na mambo ya namna hiyo. Nikachukua faili langu na ufunguo wa namba sita, wenye ubao wake, nikaingia korido. Nilijiambia nakwenda kumwondolea bibi wa watu upuuzi kichwani.

Korido ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Chini ya chokaa, harufu ya moshi ilikuwa bado inakaa, kama mpangaji. Namba tatu. Namba nne. Taa moja tu ilikuwa inawaka. Namba tano.

Nilifungua namba sita.

Kitanda kimenyooshwa, shuka limepigwa pasi. Meza. Dirisha dogo, na nje yake mwanga wa mwisho wa siku. Nondo tano nene, zimechomelewa mazima kwenye fremu. Hakuna bawaba. Hakuna komeo. Mtoto mdogo angeona kwamba hapo hatoki mtu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona lile dirisha.

Miwani ilikuwa mezani, lakini si ile nyeusi ya asubuhi. Fremu nyekundu iliyokolea, ya kike. Niliivaa. Ilinikaa kwenye masikio kana kwamba mtu alinipima nikiwa nimelala.

Kach...

Sauti ndogo. Ya mikono ya miwani ikikunjwa.

Kach... kach...

Ikatoka nyuma yangu, pale ambapo kulikuwa na ukuta mtupu. Nilifungua faili haraka nitazame ripoti, nitazame chochote. Karatasi ya juu haikuwa ripoti. Ilikuwa fomu ya ukaguzi ya miaka miwili nyuma, niliyojua iko chini kabisa ya faili. Wino wangu wa buluu. Tiki zangu, zote zimeinama upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo.

"Kaa, mama. Umechoka."

Haikuwa sauti ya Mama Pasi. Ilikuwa ya kiume. Ya adabu. Sauti ya mtu anayeuza kitu na hana haraka.

Kitu cha plastiki kiligusa nyuma ya magoti yangu.

Sitadanganya, magoti yalishukuru. Nikakaa. Chini ya dirisha, juu ya kiti nilichokiacha mapokezi, chenye ufa kwenye mguu mmoja.

"Unaona vizuri? Soma mstari wa juu."

"Idadi ya vyumba... kumi na kimoja." Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Vizuri. Wa katikati."

"Madirisha yote... yanafunguka kutoka ndani."

Tiki.

"Vizuri sana. Soma wa chini."

Mstari wa chini upo kwenye kila fomu yetu, juu ya sahihi. Nimeutia sahihi mara elfu. Unasema: Nathibitisha kwamba nimeingia katika kila chumba kwa miguu yangu.

Nikausoma.

"Hapana," sauti ilisema, kwa upole. "Bado huoni. Tena."

Nikausoma tena. Harufu ikabadilika. Moshi sasa ulikuwa mpya, wa plastiki ya nyaya, mtamu na mkali. Ukanikaa kooni. Sikuona moto, sikuona chochote, kioo cha miwani kilikuwa kimefunga ukungu kila mahali isipokuwa mstari ule mmoja. Mikono yangu ilipanda yenyewe. Ikakamata nondo. Zilikuwa za moto.

"Tena, mama."

Kach...

"Tena. Polepole."

Sikuweza. Pumzi haikuwepo. Nilitikisa nondo kama mwendawazimu, na zilikuwa imara, fundi aliyezichomelea alijua kazi yake...

Mlango ukafunguka.

"Mwanangu! Unafanya nini humo saa nzima?"

Mama Pasi alikuwa kizingitini na taa ya mkononi. Mimi nilijua ni dakika tano. Nje kulikuwa giza kabisa. Hakuna moshi. Viganja vyangu vilikuwa na mistari mitano, myekundu, mpaka leo ukinibana nitakuonyesha.

Alinishika mkono akanirudisha mapokezi taratibu, kama mimi ndiye mzee. Alikuwa ananuka sabuni na pasi ya moto. Hakuuliza nilichokiona. Aliitazama tu ile miwani usoni kwangu.

"Umeipata."

"Kile kiti, mama. Nani alikileta chumbani?"

Alitazama pale kiti kilipokuwa. Hapakuwa na kiti. Akatikisa kichwa, bila mshangao, akaketi kwenye ngazi ya mlango na kunyoosha mkono.

"Lete kalamu nitie sahihi. Usijisumbue kunisomea."

"Hujui inasema nini."

"Inasema hamjui. Ninyi mliosoma mkisema hamjui, basi ni kweli wanachosema mtaani." Alijisugua macho kwa kiganja. "Kesho nitawaambia ni mimi. Labda mtu huwa mchawi na hajijui. Labda nililala nikafanya. Mwanangu, miezi mitano nimekunja foronya zilezile. Waseme wanavyotaka, nipumzike."

"Mama..."

"Siku ile ulikuja, nakumbuka. Nilikuuliza kuhusu zile nondo za namba sita, dirisha pekee la upande wa uchochoroni, fundi alizichomelea kwa sababu ya wezi. Ukanijibu vizuri. Ulikuwa umechoka sana, nikakuletea soda." Aliniangalia kwa yale macho yasiyosoma herufi ndogo, na hayakuwa na lawama hata chembe. "Kazi yenu ngumu."

Aliichukua kalamu mkononi mwangu. Akaiweka karatasi juu ya goti, akatafuta kwa kidole mahali pa sahihi.

Nje, dereva alipiga honi mara mbili. Ningeweza kwenda. Sahihi moja tu, kisha gari, bafu, kitanda changu mwenyewe kisichokaguliwa na mtu.

Kutoka korido, kitu cha plastiki kilikwaruza sakafu. Kikasimama. Kikakwaruza tena, karibu zaidi.

Mama Pasi alishtuka, lakini hakugeuka. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye mstari wa chini.

"Hapa?" aliniuliza.

Niliishika kalamu ikiwa bado mkononi mwake. Nikamwita dereva kwa jina lake, mara ya kwanza tangu tuanze kufanya kazi pamoja, nikamwambia azime injini aje mlangoni, ninataka awepo mtu wa kusikia. Akaja, anajikokota, macho kwenye korido.

Nyuma yangu kiti kilisimama. Kikagusa magoti yangu, kwa adabu, kikingoja.

Sikukaa.

"Mama, usitie sahihi. Si wewe," nilisema. "Siku ile sikuingia chumba cha sita. Sikuingia chumba chochote. Nilijaza fomu yote hapa mapokezi, na uliponiuliza kuhusu nondo nikakwambia ziko sawa, na sikuinuka kitini."